MJADALA: Mashine ya mionzi Unguja, tununue au tuendelee kuvuka?

Mwana wa Ng'ambo (mwanzisha mada)

Assalamu alaykum. Juzi barazani kwetu yalizuka maneno makali, nikaona niyalete hapa. Mmoja kasema Zanzibar inunue mashine yake ya mionzi ya saratani, mgonjwa asivuke tena kwenda Ocean Road, spitali ya saratani ya Dar. Mwengine kamjibu kwamba hilo litakuwa pambo la kukatia utepe tu. Mimi nimo upande wa kununua, ila nina wasiwasi na namna yetu ya kununua vitu.

Hesabu kwanza. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 1,889,773. Makadirio ya kimataifa ya 2020 yanaipa Tanzania nzima wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa idadi ya watu, fungu letu ni kama 1,200, na karibu nusu ya wagonjwa wa saratani huhitaji mionzi wakati fulani. Hao ni watu 600 hivi, na mashine moja hupangiwa wagonjwa 450 hadi 500 kwa mwaka. Anayesema sisi wachache mno, akae chini ahesabu upya.

Kinachonitisha ni soko lenyewe. Hii si friji, uipitie Darajani, ukiona bei ya duka hili mbaya uingie la pili. Mashine za umeme, zile wenyewe wanaziita linaki, dunia nzima zimeshikwa zaidi na kampuni mbili: Varian ya California na Elekta ya Sweden. Accuray ya Marekani inafuata kwa mbali, na Wachina ndio wanapiga hodi. Siemens nao walikuwa wakiunda, wakaacha mwanzoni mwa miaka ya 2010. Halafu 2021 kampuni yao ya vifaa vya tiba ikainunua Varian yote kwa dola zaidi ya bilioni 16! Mtu kafunga duka lake, kisha kaja kununua la jirani pamoja na wateja wake.

Wateja hao ndio mali. Ukishanunua mashine, mkataba wa matengenezo kwa kawaida ni asilimia 5 hadi 10 ya bei yake kila mwaka. Miaka kumi ikipita umelipa nusu ya mashine nyengine, au nyengine nzima. Na programu za kuiendesha zina funguo zake, fundi asiye wa kampuni hafiki mbali. Sasa tukitangaza zabuni, tutauliza bei ya mashine kufika bandarini au bei ya mashine kufanya kazi miaka kumi? Kama fungu la matengenezo halimo kwenye bajeti, mimi nasema tusisaini kitu.

Fundi Umeme Kwahani

Umesahau umeme, kaka. Mwaka 2008 tulikaa kiza karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ukakatika tena mpaka Machi 2010, pampu zimelala, watoto wanahangaika na ndoo. Ndio, 2013 tulipata waya mpya wa chini ya bahari, megawati 100, siku hizi si kama zile. Lakini kinachoiua linaki si kiza, ni umeme wa kupanda na kushuka.

Mle ndani elektroni zinasukumwa na mawimbi katika bomba lisilotakiwa kuwa na hewa hata chembe, mpaka zinagonga kipande cha tangsteni, ndipo mionzi inatoka. Pana maji ya kupoza yanayozunguka saa zote. Mdomoni pana vijipande vya chuma vyembamba, kila kimoja na mota yake, vinajipanga kufuata umbo la uvimbe. Kimoja kikigoma, kazi imesimama. Hapa kwetu kompresa ya kiyoyozi tu inaliwa na chumvi, mtu anabadilisha kila leo, mota hizo nani atazitazama?

Nunueni mashine ya kobalti, chuma chenye mionzi yake. Inatoa mionzi yenyewe, umeme unautaka wa kufungua kifuniko na kuzungusha kichwa cha mashine. Bei iko chini sana, na wanaounda hawako Marekani peke yake: wako Canada, wako Czech, na Wahindi wana yao, Bhabhatron.

Nesi Mstaafu

Mwanangu Fundi, umeisifu kwa kuwa inatoa mionzi yenyewe. Basi ndiyo hiyohiyo kasoro yake, haizimiki. Linaki ukichomoa umeme inakuwa chuma tu. Kobalti usiku inatoa, sikukuu inatoa, na kila mwezi inapungua kama asilimia moja. Baada ya miaka mitano na kidogo imebaki nusu. Mgonjwa aliyekuwa akilala dakika mbili atalala nne, na benchi la nje limejaa. Itabidi ununue chanzo kipya, cha zamani ukirudishe kwa aliyekiuza, na meli ya kukibeba hicho si ya kubebea karafuu.

Ukikosa pesa ya kukirudisha? Goiânia, Brazil, 1987, kliniki ilihama ikaacha nyuma mashine yake ya mionzi ya sesiamu. Waokota vyuma wakaibeba, wakaipasua, wakagawiana unga uliokuwa uking'aa buluu gizani. Watu wanne walikufa. Wanunuzi wa vyuma chakavu sisi tunao tele, wanapita na mikokoteni yao asubuhi mpaka jioni.

Pesa Zetu

Nyote mnazungumzia mamilioni ya dola kama mnanunua urojo. Chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi nchi ilianza kuwapa wasichana wa miaka 14 mwaka 2018. Pesa zipelekwe huko, skuli kwa skuli, baada ya muda mashine haitakuwa na kazi.

Nesi Mstaafu

Chanjo naiunga mkono kwa mikono miwili. Ila msichana aliyechanjwa leo, bibi yake keshaanza kutoka damu. Yeye tumwambie nini?

Bint Wete

Mnaruhusu mtu asiyejua mota? Mamangu alikuwa na saratani hiyo ya shingo ya kizazi. Tulikaa Dar karibu wiki saba: mara 25 za mionzi ya nje, Jumatatu mpaka Ijumaa, na juu yake ile ya ndani.

Siku ya kwanza hawakumpiga mionzi. Walimlaza, wakampima, wakamchora mistari kwa wino tumboni na ubavuni, wakamwambia isifutike mpaka amalize. Mamangu hakusikia chengine siku ile. Njiani ananiuliza, "Nitaswali vipi?" Nikamwambia udhu haufiki tumboni. Akaninyamazia, kisha akasema, "Na josho?" Tukaenda kwa shekhe wa msikiti wa karibu, akasema ni dharura, pale apapase. Jioni nikimfuta kwa kitambaa cha maji naizunguka ile mistari kama fundi rangi anayekwepa fremu ya dirisha. Jasho la Dar likaila vilevile, wakachora tena.

Mashine yenyewe ni dakika chache. Siku iliyobaki mnakaa. Kodi ya chumba, nauli ya daladala, chakula asichokila, na genge langu Wete nimelifunga. Chumba cha pili alikuwepo mama mmoja wa Makunduchi. Wiki ya tatu alikunja mkeka wake akarudi, pesa zimemwishia. Mashine ilikuwepo, nzima kabisa. Kilichomshinda ni kodi.

Sasa ndugu zangu wa Unguja, katika hao 1,889,773 mliowahesabu, 543,441 wako Pemba. Mashine ikiwekwa kwenu mimi si nitapanda boti vilevile?

Mwana wa Ng'ambo (mwanzisha mada)

Bint Wete, hapo umenishika. Nilikuwa nahesabu mashine, sikuhesabu vitanda.

Fundi, kobalti siidharau. Lakini watazame Waganda. Mashine yao ya spitali ya Mulago, Kampala, ilikuwa kobalti, imekuwepo tangu 1995, na 2016 ikafa moja kwa moja. Nchi nzima haikuwa na nyengine. Wagonjwa wengine walipelekwa Nairobi, mpya ikaja kuzinduliwa mwanzoni mwa 2018. Kwa hiyo hata hiyo rahisi inakufa, kama hakuna aliyeweka pesa ya kesho yake. Msaada nao hivyohivyo. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilianzisha mpango wake mwaka 2022 kwa ajili ya nchi zisizo na mionzi, na zaidi ya 20 za Afrika zilikuwa hazina hata mashine moja. Tuombe, ndio. Lakini mwaka wa sita fundi wa Stockholm atalipwa na nani?

Mimi bado nasimama na linaki, kwa sababu inapiga kwa usahihi zaidi na siku zinaweza kupunguzwa. Saratani ya matiti siku hizi wengi wanamaliza kwa mara 15, na utafiti wa Uingereza uliotoka 2020 umeonyesha kwamba wapo wanaoweza kumaliza kwa mara tano, wiki moja. Hiyo ni kodi ya wiki moja badala ya tatu. Ila inataka mtaalamu wa fizikia tiba wa kupiga hesabu ya mionzi, na huyo haji ndani ya kasha la mashine. Apelekwe kusoma kabla zege la ukuta halijamwagwa, na zege lenyewe ni mita mbili unene, nalo si la mwezi mmoja.

Na nyumba ya kulala wagonjwa isingoje mashine. Ianze sasa, Dar, wanakokwenda leo. Siku mashine ikija Unguja, nyengine ijengwe karibu na spitali.

Fundi Umeme Kwahani

Linaki basi, lakini kidhibiti umeme na jenereta viwe ndani ya mkataba huohuo, asije mkandarasi mwengine na vyake vya dukani. Vipuri vya kwanza vikae hapa hapa, tusivingoje uwanja wa ndege.

Bint Wete

Na nyumba iandikwe kwenye zabuni hiyohiyo, ukurasa wa mbele. Mkiiweka kwenye kiambatisho itakuwa ya kwanza kukatwa. Kisha mniambie, vitanda vya Wapemba vingapi?