Ushauri: nikikata kisa cha mwisho cha Tales of Terror, mtazamaji atajua?

KisosoraKwetu
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka kwa wanaojua filamu za zamani.

Nina Tales of Terror ya mwaka 1962, ya Roger Corman, iliyotokana na hadithi fupi za Edgar Allan Poe. Ndani kuna visa vitatu, kila kimoja kinajitegemea, na Vincent Price yumo kwenye vyote. Nataka kuiweka nyumbani Jumamosi usiku. Kinachonisumbua ni kisa cha tatu, cha Bwana Valdemar. Nikikiondoa, filamu ikaishia kwenye paka mweusi, mtu atagundua? Nyumbani kuna watoto, sitaki mtu alale na hofu. Nawasilisha.

FundiRuninga
Mkuu, kukata kwa nini? Paka akishalia ukutani, zima, sema umeme una shida. Tanga hii nani atakubishia?

MsomaRiwaya
Afadhali mtu kaleta mada ya maana. Watu wanadhani filamu za kutisha zilianza na zile za mapanga na ketchapu. Corman alitengeneza mfululizo mzima wa Poe kwenye kampuni ya filamu ya AIP (American International Pictures): House of Usher mwaka 1960, Pit and the Pendulum 1961, halafu 1962 zikatoka mbili, Premature Burial na hii yako. Mwandishi wa hii ni Richard Matheson, na aliicheza hesabu vizuri: kisa cha kwanza huzuni, cha pili kichekesho, cha tatu ndiyo kitisho chenyewe. Kile cha pili kimeunganisha hadithi mbili za Poe, ya paka mweusi ya mwaka 1843 na ya pipa la mvinyo ya 1846. Peter Lorre na Vincent Price wanashindana kuonja mvinyo. Price anazungusha glasi, anainusa, anafyonza hewa mdomoni kama samaki. Lorre anamimina yote kooni halafu anataja mvinyo na mwaka wake bila kukosea. Nimeirudia mara nyingi na bado nacheka.

Ukikata cha tatu umebaki na mwili usio na kichwa. Usikate.

MamaWawili
Mimi naongelea watoto. Mwanangu aliangalia filamu ya majini kwa jirani, wiki nzima haendi chooni peke yake usiku, mpaka nimsindikize na tochi nisimame mlangoni niimbe ndiyo amalize. Msiwawekee watoto vitu hivi jamani. Wawekee katuni.

MsomaRiwaya
Subirini. Mleta mada, kuna kitu hakijakaa sawa. Kama hofu yako ni watoto, mbona kisa cha kwanza unakiacha? Mle kuna baba ameweka maiti ya mkewe kitandani miaka yote, binti anaifunua kwa mkono wake. Cha pili kuna watu wanajengewa ukuta wakiwa hai. Unachokiondoa ni kimoja tu, cha mgonjwa anayekata roho. Nani hasa ataangalia hiyo filamu?

KisosoraKwetu
Sawa. Ni babu yangu mzaa mama. Watoto wapo nyumbani ila watakuwa wamelala. Babu anaumwa, yuko kitandani siku nyingi, na filamu ni yeye aliyeomba. Sikuona haja ya kuyaandika ya nyumbani kwetu. Swali langu lilikuwa la filamu.

NesiWaZamu
Pole kwa kuuguza. Babu anaumwa nini? Na mwenyewe anajua anaumwa nini?

KisosoraKwetu
Ahsante dada. Ni saratani ya ini. Daktari alimwambia mjomba na mama kwamba hakuna tena la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu. Babu ameambiwa ni vidonda vya tumbo.

Kabla hamjaanza kunihukumu: lilikaliwa kikao. Mjomba ndiye mkubwa, akasema mzee akijua atakata tamaa, ataacha kula, atatuondokea kabla ya wakati. Mama akakubali. Mimi ni mjukuu, siwezi kumpinga mjomba. Na kusema kweli hata mimi naona ni sawa. Anakula uji, anacheka na wajukuu, redio anasikiliza. Tumpe nini cha zaidi? Nilishaikata hiyo filamu, iko kwenye flashi. Nilichotaka kujua ni kama itaonekana imekatwa.

AbuZuhura
Assalam alaykum. Ndugu yangu, mzee yuko katika hali hiyo nawe unatafuta filamu ya makafiri walevi na maiti zinazoongea? Msomee Yasin. Mkumbushe shahada. Mlete mtu ambaye mzee anamdai au anadaiwa naye wasameheane. Marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, mwezi wake wa mwisho alikuwa anaita watu mmoja mmoja. Kuna jamaa walikosana kwa ajili ya shamba la minazi tangu mimi sijazaliwa, akaja, wakashikana mikono, wakalia kama watoto. Mzee asiyejua kuwa anaondoka atamwita nani?

FundiRuninga
Hapo ustadh umegusa penyewe. Ila filamu siyo dhambi bwana, mzee kaomba mwenyewe.

MamaWawili
Sisi kwetu bibi alifichwa hivi hivi. Tukawa tunaingia chumbani tunatabasamu, tukitoka tunalia uani. Siku moja akaniambia, mjukuu wangu, nyie mna macho mekundu kila siku, nani kafa? Sikuwa na jibu.

ChaiMojaAndazi
Wakuu mimi naona chai tupu hapa, tena ya rangi. Hebu tuunganishe. Post ya kwanza kulikuwa na watoto. Ya pili watoto wamelala, kuna babu. Ya tatu babu anakufa na hajui. Na filamu, kwa bahati, ni ya mtu anayekufa! Halafu babu wa Kisosora akumbuke filamu ya Kimarekani ya 1962? Wazee wa Tanga tunawajua, sinema yao ilikuwa ya Kihindi. Huyu ni mtunzi anapima upepo, kesho utasikia kitabu kipo sokoni.

MsomaRiwaya
Kwa rekodi tu: hadithi yenyewe ya Valdemar ilizua ubishi huu huu. Ilipotoka mwaka 1845 iliandikwa kama taarifa ya jaribio la kweli, kwamba mtu alilazwa usingizi wa kutiwa (hipnosisi) akiwa anakata roho, akazuiliwa kati ya uhai na mauti karibu miezi saba. London wakaichapa kama kijitabu, na wako walioamini kabisa. Baadaye Poe akasema aliitunga. Siyo kwamba namtuhumu mleta mada. Nasema ubishi wenu una umri.

KisosoraKwetu
Ndugu ChaiMojaAndazi, sikujibu kwa hasira. Babu hakuwa mtazamaji. Alikuwa msaidizi kwenye chumba cha mashine, sinema ya hapa mjini, kijana mdogo kabisa. Kihindi ndicho kilichokuwa kinajaza ukumbi, kweli, lakini Kiingereza kilikuwepo pia. Kazi yake ilikuwa kurudisha mikanda nyuma na kubadilisha vijiti vya kaboni vinavyowaka ndani ya mashine. Ana kovu la kuungua kwenye kidole gumba. Amenifundisha tangu mdogo nikiangalia filamu ya zamani nitazame kona ya juu kulia: kinatokea kiduara, sekunde chache baadaye kinatokea kingine. Cha kwanza unawasha mota ya mashine ya pili, cha pili unahamisha picha. Amesema ukichelewa, ukumbi mzima unapiga miluzi.

Filamu hakuikumbuka jina. Aliniambia nitafutie ile ambayo maiti iko kitandani inaongea, inaomba iachiwe iende. Nimeitafuta mpaka nikaipata. Sikutunga.

FundiRuninga
Nathibitisha. Nilijifunza ufundi kwa mzee mmoja aliyetoka kwenye sinema. Vile viduara ni kweli, mkanda mmoja ulikuwa unakwenda dakika kama ishirini tu, ndiyo maana mashine zilikuwa mbili. Mtunzi wa siku hizi hawezi kukijua kijiti cha kaboni.

ChaiMojaAndazi
Vitu hivyo viko mtandaoni. Ila haya.

NesiWaZamu
KisosoraKwetu, rudi usome ulichoandika sasa hivi. Unauliza kama mtazamaji atajua umekata, na mtazamaji ameiomba filamu kwa sababu ya hicho hicho ulichokata. Unampa mzee visa viwili ambavyo hakuviomba.

Na mimi niliyekaa wodini nakwambia: mgonjwa wa ini anauona mwili wake. Macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa, nguo hazimkai. Vidonda vya tumbo anavijua, mtaani kwake wapo wenye navyo na hawako hivyo. Babu anajua. Anachotafuta ni mtu wa kuongea naye, na ninyi wote mmefunga mlango.

KisosoraKwetu
Dada, nimekusikia. Lakini mjomba yuko Dar, ndiye anayetuma hela ya dawa. Nikimwaga siri mimi, lawama zote zitakuja kwangu na kwa mama. Na kama babu hajui kweli? Nikiweka kisa kile akashtuka, nitasema nini? Mimi naona niweke hiyo iliyokatwa, akiuliza nitasema nakala ni mbovu.

AbuZuhura
Uongo juu ya uongo. Allah akuongoze.

MsomaRiwaya
Kuna jambo moja la filamu ambalo huenda litakusaidia. Kwenye hadithi ya Poe hakuna mke wala mapenzi. Filamu ndiyo iliyoongeza mke, na huyo Carmichael, mtia watu usingizi anayeigizwa na Basil Rathbone, anayekataa kuiachia roho mpaka mke akubali kuolewa naye. Lakini vyote viwili, hadithi na filamu, Valdemar anajua kuwa anakufa, na anaulizwa kabla. Anakubali kwa kinywa chake. Ubaya unaanza pale wengine wanapoamua kwa niaba yake.

KisosoraKwetu
Nimerudi kuleta mrejesho. Jumamosi nilishika flashi ile iliyokatwa, mkono ukagoma. Nimeweka nzima.

Kisa cha kwanza babu alisinzia. Cha pili alicheka mpaka akakohoa, pale kwenye kuonja mvinyo, akasema yule mfupi ndiye mwigizaji. Cha tatu nilitaka kutoka nje, akanishika mkono. Carmichael akaweka ile taa yake, rangi zinazunguka usoni kwa mgonjwa, babu akasema simamisha hapo. Nikasimamisha. Akaniambia, "Huyu bwana walau aliulizwa." Akanyamaza. Halafu akasema nimpigie mjomba aje, aje na zile karatasi za hospitali, na kuna kiwanja cha Pongwe anataka kukisemea akiwa na akili zake.

Mjomba ameniuliza nimemwambia nini mzee. Nimesema sijamwambia kitu, na ni kweli sijamwambia. Hajaniamini. Anafika kesho mchana kwa basi. Naombeni tena ushauri: niseme nini mjomba akifika?

NesiWaZamu
Usibishane naye. Mpokee, ale, akae na baba yake kwanza wawili tu. Mzee ataanza mwenyewe. Halafu nendeni wote kwa daktari, mwombeni amweleze mzee mbele yenu kwa lugha nyepesi, na muulizie huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyepona. Ulizieni mofini ya maji kwa maumivu, msisubiri mpaka apige kelele. Na choo kikifunga kwa hiyo dawa semeni mapema, hilo watu husahau na linamtesa mgonjwa kuliko mnavyodhani.

AbuZuhura
Na hilo la kiwanja liandikwe, mashahidi wawe watu wazima wawili. Namwombea mzee shifaa.

ChaiMojaAndazi
Mimi bado nusu nusu. Ila nina bajaji, napaki Makorora. Kama mzee hawezi kupanda daladala kwenda hospitali, niandikie pembeni saa ya kuja. Godoro dogo ninalo, linaenea kiti cha nyuma.