Kwa nini wengi walikimbilia nyungu na kuacha barakoa?

Mwanafunzi wa Afya ya Jamii, Morogoro
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa utafiti wangu na kuna jambo la mwaka 2020 linalonitatiza. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, na kwa wiki kadhaa ndoo za maji na sabuni zilikuwa mbele ya kila duka. Kufikia mapema Mei takwimu ziliacha kutolewa, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21, na baadaye barakoa zikaadimika mitaani, ilhali kujifukiza kwa nyungu, yaani mvuke wa majani yaliyochemshwa, kuliendelea kwa bidii ileile. Kama hofu ilikuwa imekwisha, nyungu zilikuwa za nini?

Muuguzi Mstaafu, Tanga
Mwanangu, hofu haikwisha hata kidogo. Wengi waliotufikia wakiwa wamechelewa walijua kabisa kwamba wanaumwa. Walichokiogopa ni kulazwa mbali na ndugu, kisha kuzikwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, bila jamaa kuosha maiti. Nyungu ilikuwa nyumbani, mwarobaini na mchaichai vikichumwa uani, na hakuna aliyeandika jina lako popote. Sikuwadharau, kwa sababu mvuke humpa nafuu mwenye mafua. Lakini hauui kirusi kilichomo mwilini, wapo walioungua kwa maji ya moto, na tuliona watu watatu wakijifunika blanketi moja na mgonjwa anayekohoa, jambo ambalo lilikuwa hatari kuliko kukaa tu. Tuliwaomba kila mmoja ajifukize peke yake, na mgonjwa akianza kuhema kwa shida aletwe siku hiyohiyo. Walitusikiliza kwa kuwa hatukuanza kwa kuwakemea.

Mkazi wa Kinondoni
Ninakubaliana na mama, ila kauli za viongozi zisisahaulike. Tarehe 17 hadi 19 Aprili 2020 taifa liliitwa kwenye maombi, na Rais Magufuli aliacha nyumba za ibada wazi. Januari 2021, akiwa Chato, alitilia shaka chanjo hadharani. Katika mazingira hayo, kanisani kwetu muumini aliyevaa barakoa aliulizwa kama imani yake imepungua, na Jumapili iliyofuata alikuja bila barakoa. Hata hivyo, si haki kuilaumu dini kwa ujumla, maana Januari hiyohiyo maaskofu wa Kanisa Katoliki waliwaonya waumini wao kuhusu wimbi jipya na kuwahimiza wajikinge. Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera tarehe 28 Julai 2021, na bado jirani zangu walikataa kwa kuhofia ugumba.

Mwenyeji wa Beni, Kivu Kaskazini, Kongo
Ndugu zetu wa Tanzania, sisi tuliyapitia haya wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, tukazika watu zaidi ya 2,200. Kabla ya hapo raia wa Beni walikuwa wakichinjwa na waasi kwa miaka, na msaada ulikuwa haba. Ugonjwa ulipoingia, magari na fedha vilifurika ghafla, na Desemba 2018 tukaambiwa hatutapiga kura pamoja na wenzetu kwa sababu ya Ebola, ingawa masoko na makanisa yalikuwa wazi. Baada ya hayo, mtu angeamini vipi kwamba anayemwita kwenye chanjo anamtakia mema? Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Kilichotuliza watu, kwa nilivyoona, ni vile vyumba vya plastiki angavu vilivyowekwa hapa Beni: mama alisimama nje, akamwona mtoto wake akinywa uji na kuzungumza naye, kisha akaenda kuwasimulia majirani.

Mwanafunzi wa Afya ya Jamii, Morogoro
Ninawashukuru sana, mama na ndugu zangu. Dodoso langu lilikuwa linauliza kama mtu aliamini kwamba ugonjwa upo. Nitaliandika upya, niulize alihofia atafanywa nini akifika hospitali, na ni nani angeruhusiwa kukaa naye.

Muuguzi Mstaafu, Tanga
Uliza pia nani alimshauri asiende. Mara nyingi uamuzi haukuwa wa mgonjwa mwenyewe.