Naomba ushauri: straika wa miaka 14 apandishwe timu ya wakubwa?

Wakuu habari zenu. Nina mdogo wangu ana miaka 14, straika, kasi anayo na akifika golini hana papara, sasa kocha anataka kumpandisha timu ya wakubwa ligi ya chini, mzee kakubali, mama hataki hata kusikia, na wote wananiuliza mimi.

Mfano ninaoukumbuka ni Wu Lei, straika wa China. Jamaa kazaliwa Nanjing 1991, akalelewa kwenye akademi ya kocha Xu Genbao kule kisiwa cha Chongming, 2006 akachezeshwa timu ya Shanghai East Asia daraja la tatu akiwa na miaka 14 na siku 287, mdogo kuliko wote kwenye soka la kulipwa la China. Ila hakutupwa peke yake kwa wazee, ile timu ilikuwa ya vijana wa akademi hiyohiyo waliokua pamoja, wakapanda taratibu mpaka Ligi Kuu 2013. 2018 akawa mfungaji bora, mabao 27 na ubingwa juu, 2019 huyo Espanyol ya Hispania.

Dogo wetu atakuwa mtoto peke yake kati ya watu wazima, na juzi mazoezini beki mmoja kamkanyaga enka mpaka ikavimba, kesho yake kaenda shule anachechemea.

Mliocheza au mnaofundisha vijana, mwili wa umri huu unahimili kweli? Tumwache kwanza U17, au aingizwe zile dakika za mwisho tu? Na shule mlipangaje?