Soba (nyumba za kukaa watu wanaoacha ulevi), mnapokea hela kabla ya kuuliza mgonjwa anatumia nini? Nimechoka, naandika

Wakuu, salamu baadaye. Nilisubiri hasira zishuke ndipo niandike, hazishuki, kwa hiyo naandika nazo hivyo hivyo.

Nina mdogo wangu wa kiume, tumbo moja. Anakula unga, yaani heroini, miaka sasa. Wanaoyajua mambo haya wanaelewa kwamba kuna teja wa unga tupu, na kuna wa aina ya huyu wetu, ambaye arosto, yale mateso ya mwili kukosa kilevi, ikimbana na hela ya kete haipo, anaiziba na pombe kali. Serikali ilipopiga marufuku viroba, zile pombe kali za vifuko, Machi 2017 mama alishangilia, akasema sasa mwanangu atapona. Wapi. Watu walihamia chupa ndogo, na gongo haikuwahi kwenda popote. Dogo akiamka lazima anywe kwanza mikono iache kutetemeka, ndipo atoke kutafuta hela ya unga.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "mpeleke methadoni". Tulimpeleka, na naomba methadoni, ile dawa ya kunywa kila siku badala ya unga, isitukanwe kwenye uzi huu. Muhimbili walianza kuitoa 2011, ikaja Mwananyamala, ikaja Temeke, ikaenda mikoani, na ni bure. Nawajua vijana wa mtaani kwetu waliokuwa wanalala mtaroni, leo wana familia na bajaji. Ila ile ni tiba ya watu wa heroini na ndugu zake, pombe haiigusi. Na ukifika dirishani unanuka pombe, nesi hakupi dozi. Yuko sahihi, maana methadoni inapunguza kasi ya kupumua na pombe nayo hivyo hivyo, ukizikutanisha unaweza kulala moja kwa moja. Wakatuambia kwa upole kabisa: huyu pombe itoke kwanza, akae mahali anaangaliwa, halafu mrudi naye.

Sawa. Mahali gani? Hapo ndipo kila unayemuuliza anaanza kuangalia dari.

Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko Dodoma, sisi tuko Mbagala. Hospitali kubwa tuliyoanzia walisema wodi imejaa, tusubiri tutapigiwa. Mgonjwa wa uraibu akikubali mwenyewe kwamba sasa nataka kuacha, huo ukubali una muda wake, unaweza kuisha kesho asubuhi. Nani wa kukaa anasubiri simu? Ndipo jirani akatuelekeza soba moja, jina silitaji, iko hapa hapa Dar. Akasema wana "ditoksi", yaani kutoa kilevi mwilini, wana "wataalamu", wanapokea unga, bangi, pombe, kila kitu.

Nikapiga simu. Swali la kwanza nililoulizwa, kabla hata ya jina la mgonjwa: "Mzazi yupo tayari na malipo?" Laki tatu na nusu kwa mwezi, unalipa miezi mitatu kwa mkupuo. Usajili elfu hamsini. Hela ya dawa elfu thelathini kila mwezi. Kama mgonjwa ni mbishi, kuna gari na vijana wa kuja kumkamata, hiyo bei yake mbali. Nikasema huyu anakuja kwa miguu yake, ameomba mwenyewe. Yule bwana kwenye simu akaonekana kasikitika kidogo.

Kadi ya bima haifanyi kazi hapo. Mama akaingia kwenye kikoba chake, wenzake wakamkopesha, mjomba akaongezea. Tukaenda.

Ngoja niwaeleze mapokezi. Meza ya plastiki, kitabu cha risiti, daftari kubwa la mistari, na orodha ya vitu iliyobandikwa ukutani: ndoo, shuka mbili, chandarua, sabuni za vipande, mafuta ya kupaka, kandambili, na sigara kama mgonjwa anavuta. Yaani sigara wamezikumbuka. Kijana wa mapokezi akaandika jina, umri, dini, kabila, jina la mdhamini, namba ya mdhamini, namba ya mtu mwingine mdhamini asipopatikana. Akafika penye "aina ya kilevi", akaandika UNGA bila kuinua kichwa. Nikamwambia, kaka, na pombe kali pia, kila siku, asubuhi asipokunywa anatetemeka. Akasema, "Dada usijali, hapa tumeshapokea wagumu kuliko huyu." Hakuandika. Daftari lilikuwa mbele yangu, naliona, hakuandika.

Hata fundi pikipiki anakuuliza kwanza chombo kinasumbua wapi ndipo ataje bei.

Nikauliza daktari anakuja lini. Anakuja. Lini? "Anakuja tukimwita." Nesi? Kuna mtu amesomea. Amesomea nini? Hapo akaitwa msimamizi, akaja anatabasamu, akaanza kutuhubiria kuhusu hatua 12, ule mpango wa waraibu kusaidiana kuacha kwa mikutano, na nidhamu, kuamka alfajiri, sala, usafi, darasa, mkutano wa jioni. Mimi sipingi hatua 12, zimesaidia watu wengi hapa mjini na Zanzibar pia, ambako hizi nyumba zilishika kasi mapema. Lakini mtu anayetetemeka anahitaji kwanza mtu wa kumpima presha. Mkutano wa jioni utamkuta.

Masharti: simu anaacha ofisini, kutembelewa hakuna mpaka mwezi uishe, na ndugu wasipige piga simu kwa sababu "mnamlegeza".

Siku ya tatu usiku ikaingia simu. Haikutoka ofisini kwao, ilitoka kwa baba mmoja tuliyekutana naye pale mapokezi naye akimleta kijana wake, tukabadilishana namba. Mwanawe aliiba dakika moja kwenye simu ya mlinzi kumwambia kwamba yule jamaa tuliyeingia naye siku ile ile anakufa huku. Nikapiga ofisini, haipokelewi. Nikapiga tena, ikapokelewa: "Dada, huyo anaigiza, wote wanaigiza siku za mwanzo ili mje kuwatoa."

Tulifika na bajaji usiku huo huo, mimi na mjomba. Geti wakakataa kufungua mpaka mjomba alipoanza kupiga kelele mtaa ukaamka. Dogo alikuwa kwenye chumba cha nyuma, sakafuni, kalowa chapachapa. Walimmwagia maji ya baridi "apoe". Jasho linatoka juu ya hayo maji, anatetemeka mwili mzima, ananiita mimi kwa jina la marehemu bibi, anafuta mende ukutani ambao hawapo. Ulimi una damu. Wenzake wakatuambia jioni alianguka kifafa, akajing'ata. Msimamizi anasema ni mashetani yanatoka. Mashetani, wakuu! Laki tatu na nusu kwa mwezi!

Hospitali, daktari wa zamu, binti mdogo tu, alimwangalia mara moja akauliza: anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ni lini? Hapo ndipo nililia. Lilikuwa swali jepesi kiasi hicho, na wale wamechukua zaidi ya milioni hawakuliuliza.

Akatueleza, na naandika hapa kwa ajili ya mwenye ndugu kama wangu. Mtu aliyezoea kunywa pombe nyingi kila siku, ukimkatisha ghafla, mwili unachachamaa. Kutetemeka na jasho vinaanza ndani ya saa chache. Kifafa kinaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuanzia siku ya pili mpaka ya nne hivi anaweza kuchanganyikiwa kabisa, kuona na kusikia visivyokuwepo, joto linapanda, moyo unakimbia, na hapo mtu anakufa. Arosto ya unga inatesa vibaya, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi hakuna, lakini yenyewe ni nadra kuua, mradi mgonjwa anapata maji na anaangaliwa. Kwa hiyo wale watu walikuwa wanamchunga kwa ile inayotesa, wakati inayoua ndiyo ile waliyokataa kuiandika kwenye daftari. Na dawa zake zipo, wala si za ajabu: diazepamu kwa kipimo cha daktari huku wakimpunguzia taratibu, vitamini B1, dripu, na mtu wa kumwangalia usiku kucha. Akasisitiza tusije tukajinunulia hiyo diazepamu duka la dawa tukamtibu nyumbani, kwa sababu ikikutana na unga au pombe nayo inazima pumzi.

Dogo yuko hai. Namshukuru Mungu na yule binti.

Sasa hela. Nilirudi kuidai. Hairudi. "Soma nyuma ya risiti." Nimeigeuza risiti, nyuma ni nyeupe. Na begi lake lenye shuka, simu na ndoo mpya wamelishikilia mpaka "mzazi aje asaini kwamba amemtoa mgonjwa kwa ridhaa yake". Yaani wanataka sahihi ya mama kwamba sisi ndio tulioharibu matibabu.

Najua Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina mwongozo wa kuendesha hizi wanazoziita nyumba za upataji nafuu. Vizuri. Nani anakuja kufungua geti saa sita usiku kuona kama unafuatwa? Nauliza kwa nia njema. Kila tukiwasha redio tunasikia kilo ngapi zimekamatwa baharini, hongereni sana, lakini nataka siku moja nisikie nyumba ngapi zimekaguliwa na ngapi hazina nesi. Mtu wa unga angalau ana dirisha la methadoni. Wa pombe, na pombe inauzwa kila kona kwa leseni, ana dirisha gani? Kodi yake mnachukua kila siku.

Wenye soba mlio waaminifu, na mpo, msinikasirikie. Pale pale kulikuwa na kijana mmoja mlezi, mwenyewe aliacha unga zamani, ndiye aliyembeba dogo mpaka kwenye bajaji wakati wakubwa zake wanabishana na sisi getini. Sijui kama bado ana kazi. Ninachotaka ni kwamba kabla hujashika hela ya mtu umuulize anatumia nini, tangu lini, mara ya mwisho lini, ana ugonjwa gani mwingine, anatumia dawa gani. Kama ni mnywaji wa kila siku na huna nesi, sema, "Mama, huyu mpeleke kwanza hospitali, akitulia mlete kwangu." Hela yako bado utaipata, miezi hiyo mitatu iko pale pale.

Na mkimaliza hiyo miezi msimtoe mtu na cheti na picha ya pamoja tu. Mwambieni yeye na ndugu zake kwamba mwili umeshasahau unga, kwamba akirudia kipimo chake cha zamani hata mara moja anaweza kufa hapo hapo. Mtaani kwetu tumezika mmoja hivyo, alitoka soba ana mashavu.

NYONGEZA: Nimesoma michango. Aliyesema pombe si dawa za kulevya, "aache tu kama wanaume wengine wanavyoacha", rudi juu usome tena habari ya kifafa. Wewe unayesema mwambie anywe kidogo kidogo, ndiyo, daktari alisema kwa mnywaji wa kila siku ni hatari zaidi kukatisha ghafla nyumbani kuliko kuendelea mpaka afike hospitali, lakini mpango wa kupunguza upangwe na daktari, siyo na shemeji.

Aliyeuliza kwa nini nisitaje jina la nyumba: kwa sababu kesi ya kuchafuliwa jina sina hela yake, hela yote wanayo wao. Aliyetoa namba 119 ya Mamlaka, asante, nimepiga, nimepokelewa vizuri na maelezo yamechukuliwa. Tutaona.

Dada wa Tanga uliyeniandikia kuhusu mumeo, usimpeleke popote leo. Kwanza waulize kwa simu: nesi yupo usiku? Akianguka mnampeleka hospitali gani, kwa gari gani? Naweza kuja kumwona wiki ya kwanza? Akianza kukujibu habari ya malipo, kata simu.

Mwenye soba ile naye amenifuata chemba, anasema nifute uzi tuyamalize kifamilia. Uzi sifuti. Jumatatu mjomba anakuja kuchukua begi, atakuja na mjumbe wa nyumba kumi, na risiti atakuwa nayo mkononi. Mama hasaini kitu.