Mjadala: "Half-caste" ni tusi kwa sababu ya asili yake, au kwa yaliyofanywa nalo?

Wakuu, kila likitajwa neno hili la Kiingereza la kumwita mtu wa damu mbili, hatokosa mtu wa kusema: "Msilitumie! Caste imetoka kwenye Kilatini castus, yaani safi, kwa hiyo mnamwita mwenzenu nusu-safi." Hoja tamu, na wengi hunyamaza hapohapo. Mimi sinyamazi.

Waingereza hawakulichukua kwa Warumi. Walilikuta India kwa Wareno, ambao kwao casta ni ukoo, kabila, mbegu, hata ya mifugo. Kama casta nayo ilizaliwa na castus, wataalamu bado wanavutana; wapo wanaoipeleka kwenye Kigothi, lugha ya kale ya Kijerumani. Half-caste likaanza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 18, kwa maana ya mtoto wa damu mbili, basi.

Ubaya wake uko kwingine. Mwaka 1886 koloni la Victoria, Australia, lilipitisha sheria iliyowatenganisha "half-caste" na Waaborijini (wenyeji wa asili) wenzao. Wengi wa walio chini ya miaka 35 wakatakiwa kuondoka kwenye makazi yaliyotengwa, wawaache wazee wao huko, wakajitegemee. Neno likawa ndilo linaloamua nani alale wapi. Mwenye kulikataa aanzie hapo, Kilatini akiache.

Mchangiaji: Mleta mada, umecheza nusu uwanja. Mtoto anayeitwa hivyo shuleni haumizwi na castus wala casta, anaumizwa na hiyo "half". Huku Nairobi tunasema "pointi faivu", yaani 0.5. Halina Kilatini hata chembe, na bado ni nusu mtu.

Mchangiaji mwingine: Na sisi wa Pwani je? Suriama, jina letu la mtu wa damu mbili, limetoka kwa suria, mjakazi wa bwana. Asili iko wazi kuliko ya Wareno. Lakini Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na babake ni huru na anarithi kama nduguze. Kiti akakikalia.

Mleta mada: Huyo wa Barghash kanisaidia kazi. Wa pointi faivu kanibana, sikatai hoja yake ina uzito. Sasa anayelitetea neno hili aje atuambie: hiyo nusu nyingine mnaipeleka wapi?