Majirani wa Langoni, Lamu: habari za mpira wa kikapu kutoka Kigali

Lali: Asalaam alaykum majirani. Mtuwie radhi kwa kimya cha jana. Tulitoka uwanjani usiku na simu zote nne zimekwisha chaji.

Bi Khadija: Waalaykum salaam wanangu. Tangu jana sina raha, naangalia simu tu. Mmekula? Mmelala wapi?

Lali: Tumekula Bi, alhamdulillahi. Tumelala Nyamirambo, mtaa wenye Waislamu wengi. Alfajiri tumeswali jamaa msikitini. Mwenye nyumba anazungumza Kiswahili, na Kiswahili ni lugha rasmi huku Rwanda tangu 2017, kwa hivyo hatukuhangaika. Mpakani tulipita na vitambulisho vyetu tu.

Bi Khadija: Mola awahifadhi.

Ami Omari: Matokeo nimeyaona. APR wa Rwanda wameifunga City Thunder yetu ya Nairobi. Sasa naomba kuelewa, Mwalimu Shee. Boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, treni hadi Nairobi, basi tena mpaka mwisho kupitia Uganda. Siku tatu njiani. Na mechi mngeweza kuitazama kwenye simu hapa barazani. Huko kuna nini?

Mwalimu Shee: Ami, swali lako ni la haki. Ngoja nikae niandike vizuri.

Mwalimu Shee: Kwenye simu, kamera inafuata mpira. Mwenye mpira ndiye unayemwona, waliobaki wako nje ya kioo. Jana nilikaa juu, nyuma ya ubao mmoja wenye pete, na wachezaji wote kumi wakawa mbele yangu. Nikaamua robo ya pili nimfuate mchezaji mmoja tu wa City Thunder, hata akiwa hana mpira. Robo ni dakika 10. Kijana yule mpira aliugusa mara chache mno, lakini kusimama hakusimama. Anakimbilia pembeni, anarudi katikati, anamwekea mwenzake mwili ili beki agonge pale, njia inafunguka, mwenzake anapita na kufunga. Kwenye simu ungemsifu mfungaji peke yake.

Mwalimu Shee: Miaka sita nawafundisha watoto wetu kurusha na kudunda. Mwendo wa asiye na mpira sijawahi kuwafundisha, kwa kuwa sikuwahi kuuona. Hilo ndilo nililolifuata huku, Ami, ingawa nilikuwa silijui mpaka nilipoketi.

Ami Omari: Nimekufahamu.

Fatma: Na masikio pia Mwalimu! Kwenye simu mtangazaji anazungumza juu ya kila kitu. Pale ndani nilisikia viatu vinavyolia kwenye sakafu ya mbao, na mabeki wasionyamaza hata sekunde. Aliye nyuma anaona uwanja wote, anamwita mwenzake: kulia kwako! rudi! mimi ninaye! Sisi wasichana tunacheza kimya kimya, kila mtu na lake, halafu tunashangaa kufungwa.

Halima: Wanawake wanakwenda kutazama?

Fatma: Wengi sana mamangu. Nyumba nzima nzima zinakuja, watoto wadogo mabegani kwa baba zao. Nilikaa na dada mmoja wa hapa aliyejitanda mtandio, anashabikia APR. Tulishindana kupiga kelele, mwisho akanipa nusu ya maandazi yake.

Bi Khadija: Uwanja wenyewe ni mkubwa?

Lali: Bi, ni jumba lililofunikwa juu, linaitwa BK Arena, lilifunguliwa 2019. Watu elfu 10 wanaingia. Kumbuka Maulidi pale msikiti wa Riyadha watu wanavyojaa mpaka vichochoroni, halafu uwaweke wote chini ya paa moja na muziki unapiga. Kifua kinatetemeka.

Ami Omari: Na hii timu ya Nairobi imefikaje huko?

Lali: Imepita mchujo. Hii ni Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, BAL, ya NBA, ile ligi ya Marekani, na shirikisho la dunia FIBA. Ilianza 2021 hapahapa Kigali, Zamalek wa Misri wakachukua kombe la kwanza. Timu ni 12. Miaka yote hiyo Kenya hatukuwamo. City Thunder ndiyo timu ya kwanza ya Kenya kuingia, msimu huu wa 2025. Kundi lao lina APR, Al Ahli Tripoli wa Libya na MBB wa Afrika Kusini. Walipotoka na jezi iliyoandikwa Nairobi, nililia. Tulikuwa kona moja tu ya Wakenya, lakini tulisimama wote.

Halima: Mwalimu, mwanangu amesoma haya yote na sasa hakai. Kigali hatutaweza. Hakuna pa karibu?

Mwalimu Shee: Pako dada. KPA, timu za Mamlaka ya Bandari, wana ukumbi wao Makande, Mombasa, wanaume na wanawake, na zote mbili ni katika timu kubwa za ligi ya Kenya. Nikirudi tupange, shule ikifunga tuwapeleke watoto kumi. Nitawaambia kila mmoja achague mchezaji mmoja wa kumfuata.

Halima: Jina la mwanangu litie liwe la kwanza.

Mwalimu Shee: Jambo jingine, saa ya sekunde 24. Timu ikipata mpira lazima irushe ndani ya hizo sekunde, la sivyo mpira unakwenda kwa wenzao. Zikibaki tano watu wanaanza kuguna, wachezaji wanajua bila kutazama juu. Watoto wetu wanakaa na mpira dakika nzima. Tutamweka mmoja pembeni ahesabu kwa sauti.

Ami Omari: Nipe vipimo vya ubao. Ule wa uwanja wetu niliukata mimi na chumvi imeshaula.

Mwalimu Shee: Ubao upana mita 1.80, kimo 1.05. Pete iwe mita 3.05 kutoka chini, kipenyo chake ndani sentimita 45. Mstari wa pointi tatu mita 6.75. Pete yetu niliipima kabla ya safari, ni 2.80.

Ami Omari: Kwa hiyo wamezoea kurusha chini. Basi nguzo naiongeza. Mvule ninao, kipande kilichobaki kwenye jahazi la Matondoni. Mafuta ya sifa, yale ya samaki, nitaupaka mara mbili.

Famau Mvuvi: Nimekuwa nikisoma tu. Wavu niachieni mimi. Vitanzi vya juu vingapi?

Fatma: 12 Ami Famau. Urefu sentimita 40 mpaka 45.

Famau Mvuvi: Nitafuma kwa uzi wa jarife, ule wa papa. Uzi wa juya utakatika mwezi mmoja. Kusi limekaza, leo hatutoki baharini, naweza kuanza. Lakini nataka kuona fundo lao. Nipigie picha kutoka chini.

Fatma: Tunarudi uwanjani jioni. Nitashuka mpaka nyuma ya pete.