Simbu alishinda tukiwa tumelala: furaha tuliyoamka nayo ni ya nani?

Mleta mada, Singida

Wadau, salaam. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Septemba 2025 na leo nimeona nilitoe, mnisaidie au mnipinge.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 mwezi ule, Alphonce Simbu alikimbia marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo. Kwao ilikuwa asubuhi, kwetu ilikuwa saa tisa na ushee usiku alipoingia uwanjani akimfukuza Mjerumani Amanal Petros. Wote wawili wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilomita arobaini na mbili na vipande, halafu kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde moja! Petros alianguka mstarini, Simbu akawa amemtangulia kwa kifua. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuleta dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha kabla ya hapo.

Mimi nilikuwa nimelala. Mtaa wote ulikuwa umelala. Habari niliipata alfajiri kwenye redio ya kijana wa bodaboda aliyekuja kumchukua mwanangu kumpeleka shule. Nilipiga kelele. Kijana akazima pikipiki, tukakumbatiana pale getini, watu wawili tusiojuana hata majina. Sokoni muuza vitunguu akaniambia, "Tumeshinda!" Nikamjibu, "Tumewaweza!" Hakuna aliyeuliza hao "tu" ni akina nani.

Swali langu ndilo hilo. Husemwa kwamba shabiki hufurahia mchezo wenyewe: kasi, ufundi, presha ya dakika za mwisho. Sisi hatukuona hata hatua moja. Hatukupata hata shilingi. Wengi wetu hatukujua kama kuna mbio usiku ule. Sasa furaha kubwa namna ile ilitoka wapi?

Wataalamu wana jibu lao. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Timu ya chuo ikishinda mwishoni mwa wiki, Jumatatu wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye nembo ya chuo. Na walipoulizwa matokeo kwa simu, ushindi waliuita "tulishinda", ila kipigo kikawa "walifungwa". Yaani binadamu huota moto aliouwasha jirani, na moto ukizimika anahama.

Nakubali tabia hiyo ipo. Sikubali kwamba ndiyo yote. Wahenga wetu walisema mchuma janga hula na wa kwao. Ikiwa janga la mmoja linaliwa na ukoo mzima bila kuuliza nani alilichuma, kwa nini dhahabu ya mmoja iwe yake peke yake? Mimi naona ile furaha ilikuwa yangu halali. Karibuni.

Mwalimu, Tanga

Ndugu mleta mada, hongera kwa hoja, ila hapo kwenye "halali" umenikwaza.

Simbu alichukua shaba ya dunia London 2017. Kutoka London mpaka Tokyo ni miaka minane. Katika miaka hiyo ni wangapi kati yetu waliouliza anafanya mazoezi wapi, anakula nini, nani anamlipia kambi? Aprili 2025 alishika nafasi ya pili Boston, mbio zinazoogopwa duniani. Mtaani kwangu hakuna aliyenitajia. Septemba tukawa "tumeshinda".

Nafundisha shule ya msingi na ndiye mwalimu wa michezo. Njia za kukimbilia tunazichora kwa majivu, mvua ikinyesha tunachora upya. Nina binti wa darasa la sita anayewaacha wavulana wote, anakimbia peku. Nimeomba msaada wa raba kwa watu wazima wanaojiita wapenda michezo, na wengi wao asubuhi ile ya Simbu walinitumia picha zenye bendera.

Nchi yetu ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za Moscow 1980: Filbert Bayi katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui mita 5,000. Tunazitaja kwa fahari mpaka leo. Fahari ya miaka zaidi ya arobaini imezaa nini? Machi 2019 Taifa Stars waliifunga Uganda 3-0 wakafuzu AFCON baada ya miaka 39, na Rais Magufuli akawapa wachezaji viwanja Dodoma. Sisemi hawakustahili. Nasema sisi ni hodari wa kumtunza aliyekwisha fika; anayeanza safari hatumpi hata maji ya kunywa. Kwa hiyo hiyo "tu" yenu kwangu ni ya kudokoa kwenye sahani ambayo hamkuipika.

Mwenye kibanda umiza, Mbagala

Mwalimu, shikamoo. Maneno yako mazito na sina ubavu wa kuyapinga yote. Ila niruhusu niseme ninachokiona, maana mwaka wa kumi na moja huu naweka benchi, naweka luninga, nakusanya mia tano mlangoni. Nimetazama nyuso za mashabiki kuliko nilivyotazama mpira.

Tarehe 5 Novemba 2023, Simba na Yanga. Mimi Simba. Kibanda kilijaa mpaka watu wakachungulia kwenye matundu ya mabati. Tulipigwa tano kwa moja. Kulikuwa na kijana, Simba damu kabisa, ambaye siku zile alikuwa anasema timu inapwaya, bora apate hela. Akaweka mkeka, yaani akabeti, Yanga inashinda. Mkeka ukatiki. Kila mtu alijua amepata hela nzuri. Yule kijana alikaa kwenye benchi la nyuma amejifunika uso kwa jezi nyekundu, hakuinuka mpaka nilipozima taa.

Mbele yake kulikuwa na mzee wa Yanga, fundi viatu, ambaye mpira ule haukumwingizia hata senti tano. Alikuwa anacheza kama mtoto. Alimbusu mtu asiyemjua kwenye kipara. Sasa niambieni, kama furaha ya shabiki ingekuwa ni faida, nani kati ya hao wawili alipaswa kucheka?

Lakini nitakuwa mkweli. Furaha ya Yanga siku ile nusu yake ilikuwa sura zetu. Asubuhi yake mtani mmoja aliniletea sahani ya maandazi matano, akaiweka mlangoni akasema, "Hesabu mwenyewe." Nilikasirika, nikayala. Utani ndio unaokoleza ushindi wa Kariakoo. Ungemwambia mtu wa Yanga ashinde tano lakini watu wa Simba wote wamehama nchi, angeona hakuna alichopata. Ndiyo maana hiyo ya Simbu mimi naiweka kando. Nani Tanzania alikuwa na utani na Petros? Tulifurahi bila kuwa na mtu wa kumcheka. Hiyo nayo ni furaha ya aina yake, na sijui inafanana na nini. Labda na siku mtoto wa jirani anapofaulu.

Muuguzi, Morogoro

Naongezea kidogo upande wa mwili, kwa sababu watu hudhani ni mambo ya mdomoni tu.

Fainali ya Kombe la Dunia ya 1994 kati ya Brazil na Italia, watafiti walichukua mate ya mashabiki wanaume kabla na baada ya mchezo. Kwa wa Brazil, walioshinda, homoni ya testosteroni ilipanda, kwa wa Italia ikashuka. Hao hawakugusa mpira, walikaa kwenye viti wakitazama. Mwili haukujua tofauti ya aliyecheza na aliyetazama. Na wakati wa Kombe la Dunia la 2006 huko Ujerumani, siku timu yao inapocheza, dharura za moyo katika eneo la Munich ziliongezeka zaidi ya maradufu.

Kinachonishangaza zaidi ni hiki. Wachumi wawili wa Uingereza, Peter Dolton na George MacKerron, walifuatilia hisia za maelfu ya watu kwa kupitia simu zao na kuzilinganisha na matokeo ya soka. Maumivu ya kufungwa yalikuwa karibu mara mbili ya raha ya kushinda. Ukipiga hesabu, shabiki anatoka na deni kila msimu. Basi Cialdini hawezi kutueleza baba yangu.

Baba ni Yanga, ana miaka 71 na ana presha. Juni 2023 Yanga walikwenda Algiers kurudiana na USM Alger fainali ya Kombe la Shirikisho, wakiwa wamefungwa 2-1 Dar es Salaam. Walishinda 1-0 ugenini na kombe wakalikosa kwa kanuni ya mabao ya ugenini: jumla ilikuwa 2-2, ila wenzao walifunga mengi zaidi ugenini. Baba hakula usiku ule. Nilimpima, sikupenda nilichokiona. Nilimsihi, "Baba, pumzika na mpira." Msimu ulipoanza alinituma nimnunulie jezi mpya. Mtu anayeota moto wa jirani hafanyi hivyo. Huyu anakaa kwenye baridi.

Mkaazi wa Eldoret

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Kwanza pongezi kwa Simbu. Siku hiyo wanaume wetu wa marathoni walirudi mikono mitupu, na hapa kwetu watu walisema tu, "Huyo amekimbia."

Sisi tunaishi na wakimbiaji. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi kuelekea Kaptagat unawapita barabarani kwa makundi, baridi kali, hakuna anayewapigia makofi. Ndipo tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge akakimbia umbali wa marathoni kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mjini tulikusanyika mbele ya skrini kubwa. Kila mtu pale alijua rekodi haitahesabiwa, kwa sababu alikuwa na wakimbiaji wa kumsindikiza wanaopokezana. Hapakuwa na mpinzani wa kushindwa wala medali ya kuleta nyumbani. Na wanaume wazima walilia. Mwenye kibanda, ile furaha yako isiyo na mtu wa kumcheka, sisi tuliiona siku hiyo.

Na kumbukeni Olimpiki ya Paris 2024. Kipchoge huyohuyo alisimama baada ya kilomita 30 hivi, hakumaliza. Hapa sikusikia mtu akisema "yule ameshindwa". Watu walisema "mzee wetu amechoka". Neno "wetu" halikuondoka.

Mwalimu, umeuliza fahari imezaa nini. Nitakupa mfano mmoja. Faith Kipyegon alipochukua dhahabu ya mita 1,500 Rio 2016, baba yake aliomba kijiji chao kiunganishiwe umeme ili waweze kumtazama binti yao akikimbia. Umeme ulifika mwaka huohuo. Majirani waliopiga vigelegele leo wanasaga mahindi kwa umeme huo.

Mwalimu, Tanga

Ndugu wa Eldoret, asante, mfano mzuri na umenifurahisha. Lakini tazama mpangilio wake: kwanza dhahabu, kisha umeme. Angekuwa wa nne je? Wako mabinti wangapi wa nne ambao vijiji vyao bado viko gizani?

Namkubali baba wa Morogoro. Huyo "tumeshinda" yake nampa. Na kuna kitu kimoja nitakiri. Kila mwaka nawasimulia wanafunzi wangu habari za John Stephen Akhwari, Mexico 1968. Alianguka njiani, goti likaumia, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani usiku, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Watu wachache waliobaki kwenye majukwaa walimshangilia mpaka mstarini. Nikifika hapo sauti hunikwama, kila mwaka, na mimi sikuwepo wala hatukushinda kitu. Kwa hiyo sisemi hisia hiyo ni ya uongo. Ninayo. Ninachodai ni kwamba huwezi kuidai siku moja kwa mwaka.

Mleta mada

Mwalimu, nimekusoma mara mbili na hapo umenishika kwa methali yangu mwenyewe. Nilisema mchuma janga hula na wa kwao, nikarukia dhahabu. Sikujiuliza kama janga lingetokea ningelila. Simbu alikuwepo Paris 2024 na hakupata medali. Siku ile nilifanya nini? Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki chochote. Sikuhuzunika, sikumtaja, sikujua hata siku ya mbio. Baba wa Morogoro alikosa chakula usiku kucha kwa ajili ya Yanga yake. Basi "tu" yake na "tu" yangu hazilingani, na neno "halali" nalirudisha.

Bado sikubali neno "kudokoa". Pale getini hakuna kilichopungua kwa Simbu sisi wawili tulipokumbatiana. Na ile asubuhi ndiyo iliyonifanya nijue jina la mtu ambaye amembeba mwanangu mwaka mzima, maana jana nilimtafuta kwa ajili ya mada hii. Nilimuuliza: kama angejua Simbu anakimbia na atakuwa wa ishirini, angeamka saa tisa usiku kumtazama?

Alifikiri kidogo, mguu mmoja uko chini, injini inaunguruma. Akasema, "Mzee, mimi hiyo saa niko kijiweni nasubiri abiria wa basi la usiku. Simu ninayo, bando ninalo. Ningetazama. Ila hakuna aliyeniambia kama anakimbia."